Kamera Haikuwa na Kosa: Choya, Taa ya Ulinzi na Jibu Langu la Haraka

Wenzangu wa Elimu mnaijua hali yenyewe. Wiki ya pili ya BTP, umevaa sketi ya kuazima kwa rumeti, andalio la somo limeshasainiwa, mwalimu mlezi amekaa nyuma ya darasa na faili lake mapajani, na mbele yako Kidato cha Sita, nusu yao wamekuzidi urefu, wanakutazama kama wanunuzi wa mbuzi mnadani. Hapo ndipo nilipoulizwa swali moja la Biolojia. Nililijibu kwa sekunde kumi hivi, kwa kujiamini, na nilikosea. Jibu lile halikuishia ubaoni. Lilizima kamera ya ulinzi, wezi wakapita, na mzee mmoja akakatwa mshahara. Naomba nilijibu upya hapa, safari hii bila haraka.

Shule iko mkoa wa Morogoro, jina naliacha. Nyuma ya stoo, klabu ya mazingira ina shamba dogo la choya, matuta sita. Kila mwaka wanachemsha juisi na kuiuza siku ya mahafali, na hiyo ndiyo hela yao ya mbegu na nauli ya safari moja ya masomo. Mwaka jana choya ilipandwa masika yakiishia. Mwezi wa saba ukielekea mwisho, matuta matatu ya mbali yalikuwa yameshatoa vitumba vya maua. Mawili yaliyo jirani na stoo hayakuwa na hata kimoja. Yalikuwa majani matupu, marefu, yamenona kuliko wenzake. Lile la katikati lilikuwa nusunusu.

Ukutani kwa stoo kuna vitu viwili, vyote vilifungwa mwanzoni mwa mwaka huohuo baada ya majembe kuibiwa. Kona ya kushoto kuna taa ya ulinzi ya LED, nyeupe, inawaka tangu saa 12 jioni mpaka alfajiri. Kona ya kulia, kama hatua sita kutoka kwenye taa, kuna kamera, aina ile yenye duara la vijitaa kuzunguka jicho lake. Usiku ukiitazama kwa karibu unaona vijitaa hivyo vina wekundu hafifu sana, kama kipande cha sigara kilichoachwa mbali.

Darasani tunafundisha kwa Kiingereza, lakini swali lilikuja kwa Kiswahili, kama maswali ya kweli yanavyokuja: "Madamu, ile kamera usiku inatoa infraredi. Si ndiyo inayoifanya choya isitoe maua?"

Kabla sijasema nilichojibu, niseme nilikuwa nimesoma nini juma lile. Ukitafuta mtandaoni habari za mimea ya siku fupi, unaanza na vitabu vya kiada, lakini hufiki mbali kabla ya kukutana na bangi. Canada iliihalalisha kwa watu wazima Oktoba 2018, na huko wapo wanaoipanda ndani ya nyumba, kwenye mahema maalumu yenye taa. Bangi nyingi ni mimea ya siku fupi: ukiipa mwanga wa saa 18 kwa siku inaendelea kutoa majani, ukiibadilishia ikawa saa 12 za mwanga na saa 12 za giza, inaingia kwenye maua. Kwa hiyo hofu kubwa ya wakulima wale ni mwanga unaovuja usiku. Wanaziba zipu za hema, wanafunika hata kijitaa cha chaja. Papo hapo wanataka kamera, maana mali yenyewe ni ya kuibiwa, na kwa baadhi ya wenye leseni ya biashara kanuni za serikali zinadai ulinzi wa kamera. Ndipo wanapouliza: kamera inayoona gizani, si itaharibu maua?

Kwetu bangi ni marufuku, sheria ya 2015 haina utani, na hapa sifundishi kuipanda. Ila swali lao na swali la yule kijana wangu ni lilelile. Tena undugu upo hata kwenye majina. Choya ni Hibiscus sabdariffa. Ndugu yake wa karibu anayelimwa kwa ajili ya nyuzi anaitwa Hibiscus cannabinus, yaani anayefanana na bangi, kwa sababu ya majani yake yaliyochanika kama vidole. Majani ya choya nayo yanaelekea hukohuko. Pale shuleni walishazoea kutaniana kwamba siku moja polisi watakuja kung'oa matuta ya klabu.

Basi kichwani nilikuwa nimebeba kanuni moja ya wale watu wa mahema: giza la mmea lazima liwe totoro. Nikajibu kwamba ndiyo, inawezekana kabisa, infraredi ni mwanga ijapokuwa sisi hatuuoni, mmea unauona, na usiku wake unakatizwa. Mwalimu mlezi aliandika kitu kwenye faili. Darasa likanipigia makofi, maana jibu lilikuwa na ladha ya siri: mwanga usioonekana unaotesa maua. Ni nani asiyependa jibu kama hilo?

Siku iliyofuata klabu ilipeleka ombi kwa mkuu wa shule. Mkuu ni mtu wa Historia, na neno "mionzi" lilimtisha vya kutosha. Akaagiza kamera izimwe usiku mpaka choya itoe maua. Taa iachwe, kwa sababu taa ni taa tu, na mlinzi anaihitaji.

Siku ya 12 wezi waliingia. Walichukua pampu ndogo ya maji na mipira miwili ya kumwagilia.

MMEA UNAHESABU USIKU

Tuanze mahali ambapo mimi sikuanza. Mimea mingi haingoji ukubwa fulani ili itoe maua, inangoja majira, na majira inayasoma kwenye urefu wa siku na usiku. Jambo hili lilithibitishwa na Wightman Garner na Harry Allard wa Idara ya Kilimo ya Marekani, waliokuwa na shamba la majaribio Arlington, ng'ambo ya mto kutoka Washington. Walikuwa na aina ya tumbaku iitwayo Maryland Mammoth. Kiangazi kizima ilirefuka na kuongeza majani bila ua, mpaka baridi ikaja kuiua. Lakini ikiwekwa kwenye banda la kioo majira ya baridi, ilitoa maua ikiwa bado fupi. Walijaribu joto, maji, mbolea, hawakupata jibu. Mwishowe wakaanza kuiingiza kwenye kibanda cha giza alasiri, jua likiwa bado linawaka, na maua yakaja katikati ya kiangazi. Walichapisha matokeo 1920, na neno fotoperiodi tunalolikariri ni lao.

Walifikiri mmea unapima siku. Mwaka 1938 Karl Hamner na James Bonner walichezea usiku na mchana wa gugu liitwalo Xanthium, lile lenye vijibegu vya miiba vinavyong'ang'ania suruali. Waliukatiza mchana kwa giza, mmea haukujali. Waliukatiza usiku kwa mwanga wa dakika moja tu, maua hayakutoka. Kumbe kinachohesabiwa ni usiku usiokatika. Jina "mmea wa siku fupi" limebaki kwa mazoea, ila jina la haki lingekuwa mmea wa usiku mrefu. Choya ni wa kundi hili, sawa na bangi, soya na maua ya krisanthemu.

Hapa wengi wetu tunajiuliza: sisi tuko karibu na ikweta, urefu wa usiku unabadilika kiasi gani? Kidogo sana. Morogoro tofauti kati ya siku fupi ya Juni na siku ndefu ya Desemba haifiki saa moja. Lakini mimea ya ukanda wetu imezoea kusoma tofauti hiyo ndogo. Choya iliyopandwa mwanzoni mwa mvua za mwisho wa mwaka hukua wee, ikangoja siku zianze kufupika. Iliyopandwa masika yakiishia, kama ile ya klabu, inakuta usiku ni mrefu tayari, inatoa maua mapema ikiwa bado fupi. Ndiyo maana yale matuta mawili yalitushangaza. Miezi ya sita na saba kwetu usiku unapita saa 12. Kama choya haitoi maua wakati huo, kuna kitu kinauvunja usiku wake.

Nami nikasema kamera.

KILA KIPOKEZI NA MASAFA YAKE

Swali ambalo sikujiuliza ni hili: mwanga gani? Niliongea kama vile mwanga ni kitu kimoja, na mmea una jicho moja linaloona chochote. Ni sawa na kudai redio iliyowekwa masafa ya kituo kimoja itasikia vituo vyote vya nchi kwa mpigo.

Mwanga unaoonekana na binadamu uko takriban kati ya nanomita 400 na 700 za urefu wa wimbi, kuanzia zambarau hadi nyekundu. Mwaka 1946 Marion Parker, Sterling Hendricks, Harry Borthwick na wenzao, kwenye kituo cha utafiti cha Beltsville, Maryland, waliutawanya mwanga kwa miche ya kioo ukawa kama upinde wa mvua mpana, wakaweka mimea ya soya kila sehemu ya upinde huo katikati ya usiku. Walitaka kujua ni rangi ipi inayozuia maua kwa kiasi kidogo kabisa cha mwanga. Jibu likawa nyekundu. Ukivuka nanomita 700, uwezo wa kuuvunja usiku unaporomoka.

Miaka sita baadaye kundi hilohilo likafanya jaribio ambalo mimi nadhani ndilo tamu kuliko yote katika mada hii, na lilitumia mbegu za saladi tu. Mbegu za aina ile zikimulikwa mwanga mwekundu, karibu nanomita 660, zinaota. Zikimulikwa baadaye mwekundu wa mbali, karibu 730, zinaghairi. Ukirudia nyekundu, zinaota. Ukifuatisha mwekundu wa mbali, zinaghairi tena. Unaweza kuzichezea hivyo mara nyingi, na uamuzi ni wa mwanga wa mwisho. Ilimaanisha kuna kitu kimoja ndani ya mmea chenye maumbo mawili, kinachogeuka huku na huku kama swichi. Mwaka 1959 kitu hicho kilionekana kwa vipimo ndani ya miche ya mahindi. Ni protini yenye rangi, na ikaitwa fitokromu.

Umbo la kwanza, Pr, linanyonya nyekundu ya 660 na kugeuka kuwa Pfr. Umbo la pili, Pfr, linanyonya mwekundu wa mbali wa 730 na kurudi kuwa Pr. Mchana, jua lenye nyekundu tele linaacha Pfr nyingi kwenye majani. Usiku Pfr inapungua polepole. Kwa mmea wa siku fupi, mwanga mwekundu wa katikati ya usiku unairudisha Pfr juu ghafla, na habari hiyo inaifikia saa ya ndani ya mmea wakati ambao saa hiyo inategemea giza. Jani halitumi ujumbe wa maua kwenda kwenye ncha. Nasema jani kwa makusudi: anayepima usiku ni jani, wala si ile ncha inayotoa ua. (Mtihani wenu wa mwisho wa muhula unalipenda sana swali hili, msiseme sikuwaambia.)

Sasa turudi ukutani kwa stoo. Vijitaa vya kamera nyingi za ulinzi vinatoa mwanga wa nanomita 850, na vya aina nyingine, ile isiyoonyesha wekundu wowote, 940. Fitokromu inanyonya vizuri 660 na 730, ikikaribia 800 imeshaishiwa kabisa kwa matumizi yetu. Klorofili nayo haigusi 850. Vipokezi vya mwanga wa bluu viko mbali zaidi, upande wa pili wa upinde. Kwa hiyo mwanga wa kamera unapolipiga jani la choya usiku, sehemu kubwa inaruka au inapenya, na ile kidogo inayobaki inakuwa joto lisiloweza hata kukausha umande. Ujumbe haupo, kwa sababu hakuna wa kuupokea.

Ule wekundu hafifu ndio uliomtega mwanafunzi wangu, na kwa kweli ni hoja nzuri: tukiuona sisi, si ni nyekundu? Jicho letu bado linahisi 850 kwa shida sana kama chanzo kina nguvu, na kijitaa cha LED hakitoi wimbi moja safi, kina mkia mdogo pande zote mbili. Lakini kuhisi kwa shida, umeliangalia duara lenyewe kutoka hatua mbili, ni tofauti na kuwa na nyekundu ya kutosha juu ya jani lililo mita nne mbali. Kiasi nacho kinahesabika. Mbalamwezi ina nyekundu ndani yake, na choya ya babu zetu imechanua chini ya mbalamwezi miaka yote.

Kama bado una shaka, fikiria watafiti wanaochunguza jinsi majani yanavyopanda na kushuka usiku kwa kufuata saa yao ya ndani. Wanahitaji kupiga picha gizani bila kuisumbua saa hiyo. Wanatumia nini? Taa za infraredi na kamera zinazoiona. Yaani kitu nilichokilaumu mbele ya darasa ndicho ambacho wenye kazi yao wanakichagua kwa sababu mmea haukijali.

Tahadhari moja, nayo ni ya kweli hata kwa wale wa mahema ya Canada: usiseme "kamera" kwa ujumla. Siku hizi kuna kamera zenye taa nyeupe za kupiga picha za rangi usiku, nyingine zinawasha taa hiyo kila kitu kinapopita mbele yake. Mwanga mweupe wa LED una bluu, una kijani, na una nyekundu ya kutosha kuigeuza fitokromu. Kamera ya namna hiyo ni taa iliyovaa jina la kamera.

Na taa, sisi tulikuwa nayo, kona ya kushoto, inawaka saa 12 kila usiku.

SIKU 12 BILA KAMERA

Aliyeligundua hili si mimi. Siku mbili baada ya wizi, shule ikiwa bado inanong'ona, kijana yuleyule alinifuata nje ya ofisi ya walimu. "Samahani Madamu. Kamera ilizimwa siku 12. Lakini taa haikuzimwa. Na choya bado." Akanyamaza, kwa adabu tu, akanipa nafasi nimalizie mwenyewe.

Siku 12 ni chache kwa kitumba kuonekana, hilo ningeweza kumjibu na ningekuwa sawa. Sikumjibu hivyo. Nilihisi uso unaniwaka, kwa sababu nilifahamu papo hapo kwamba sikuwahi kuvitenganisha vitu viwili vilivyofungwa siku moja kwenye ukuta mmoja. Kigezo kimoja kibadilike, vingine vibaki: nimelikopi hilo kwenye daftari tangu Kidato cha Kwanza.

Jioni nilikwenda kwa mlinzi. Sikuwa nimewahi kuongea naye zaidi ya salamu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwalimu. Umekuja kwa mambo ya pampu?"

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, kwamba kamera ilizimwa kwa neno langu, na neno lenyewe halikuwa sahihi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyanyuka na tochi yake akanipeleka kwenye matuta. "Angalia hapa, hapa, na hapa," akasema, akipita kutoka tuta la kwanza kwenda la sita. "Mahali taa inapopiga sana, hakuna. Inapopiga kidogo, kidogo. Giza linapoanza, vimetoka. Mimi nimeliona tangu mwezi wa sita."

"Mbona hukusema, babu?"

"Nani aliniuliza?"

Mshahara wake ulikuwa umeshaamuliwa kukatwa shilingi 30,000 kila mwezi mpaka pampu ilipike, kwa kuwa zamu ilikuwa yake. Kamera ingekuwepo, pengine ingeonyesha kwamba wezi walipita upande wa mtoni wakati yeye yuko getini alikopangiwa kukaa. Haikuwepo.

Klabu ilifanya jaribio lililotakiwa kufanywa mwanzo. Kamera iliwashwa tena. Kwenye taa tulipinda kipande cha bati kikawa kama kofia, kikakinga nusu ya tuta la kwanza na la pili. Nusu nyingine ikabaki inamulikwa kama kawaida. Ili kuhakikisha infraredi bado inafika kwenye nusu iliyokingwa, tulitazama picha za usiku kwenye skrini ofisini. Choya zote zilionekana pande zote mbili, nyeupe kama zimepakwa chokaa. Kwa hiyo nusu moja ilipata infraredi peke yake, nusu ya pili ikapata infraredi na taa. Tulipima na mwanga kwa programu ya simu, si kifaa cha maabara lakini inatosha kulinganisha: kwenye tuta la kwanza lisilokingwa ilisoma karibu lux 30, nyuma ya bati ikayumba kati ya 0 na 1. Simu nyingi pia zinaweza kuwaonyesha wanafunzi infraredi yenyewe. Elekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera ya simu, bonyeza, utaona kijitaa kinawaka kwenye skrini ilhali kwa macho hakiwaki. Simu nyingine zinaichuja infraredi, jaribu kamera ya mbele. Kama unaelekea BTP, beba rimoti. Haina gharama na darasa zima litaamka.

Niliandika barua kwa mkuu wa shule, ukurasa mmoja, nikaeleza kwamba ushauri wa kuzima kamera ulikuwa wangu, nilikosea, na si haki mlinzi abebe peke yake matokeo ya kamera kuzimwa. Mwalimu mlezi aliisoma kwanza. Alinionya kwamba barua hiyo inaweza kunipunguzia alama za nidhamu ya kazi, kisha akanisahihishia tahajia sehemu mbili na kunirudishia. Mkuu aliniita. Hakugomba. Alisema suala limeshakwenda kwenye bodi, ila kwa upande wake atapendekeza makato yapungue nusu. Mwezi wa tisa yakawa 15,000.

Kuhusu darasa, nilitumia dakika 20 za kipindi kufuta nilichosema. Nilifikiri watanicheka, na wachache walicheka, lakini walio wengi walinyanyua mikono. Mmoja akauliza kuhusu taa za barabarani na mahindi. Mwingine akataka kujua kwa nini mashamba ya krisanthemu kule Arusha yanawasha taa usiku, na hapo nikapata faraja, maana hilo nilikuwa nalijua: wanafanya kwa makusudi kile ambacho sisi tulifanya kwa bahati mbaya. Wanauvunja usiku ili mimea mama isitoe maua, iendelee kutoa vichipukizi vya kukata na kusafirisha. Taa ya kwetu ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kabisa, ila hatukuiajiri kwa kazi hiyo.

Juma nililoondoka, nusu iliyokingwa kwa bati ilikuwa na vitumba vidogo, unapaswa kuinama kuviona. Nusu iliyomulikwa, hakuna. Nilirudi chuoni, nikaingia kwenye purukushani za usajili, na kijana akawa ananitumia picha kila Jumapili anapoazima simu ya mwalimu. Mwezi wa kumi ilikuja picha ya ua lenyewe limefunguka, rangi ya maziwa, na katikati jicho la zambarau nzito. Nyuma yake, juu ukutani, kamera inaonekana.

Boom lilipotoka nilimtumia babu 30,000. Aliipokea, sikutaka aikatae. Alinipigia usiku kushukuru, akaniambia bati limebaki palepale, klabu wamelifunga kwa waya likawa la kudumu, na kwamba sasa taa haimchomi tena macho.